Tunakatala: Molly Ivins hakuwa wa kuchekesha tu



Mwandishi mwenye ulimi mkali akikufa, wakubwa wanafanya kazi moja haraka sana: wanamgeuza kuwa mtu wa kuchekesha. Wanasimulia utani wake, wanacheka, wanafunga jeneza. Mambo aliyowashitaki nayo hawayataji tena. Ndivyo walivyomfanyia Molly Ivins, mwandishi wa Texas, katika Marekani, aliyekufa tarehe 31 Januari 2007 akiwa na miaka 62. Sisi vijana tunakatala.

Angalieni. Alipokufa, Prezida George W. Bush alitoa tangazo la kumsifu: alijua kupanga maneno, utani wake tutaukosa. Maneno mazuri. Lakini wiki tatu tu mbele ya kifo hicho, tarehe 10 Januari, Bush huyo huyo alitangaza kupeleka askari wengine zaidi ya 20.000 Iraki, na Molly, akiwa mgonjwa wa kansa, alitumia nguvu zake za mwisho kupinga jambo hilo. Ulimi wanausifu. Kile ulimi ulikuwa unasema, kimya!

Basi tuseme alikuwa nani. Alizaliwa 1944, akakulia Houston, mtoto wa mkubwa wa kampuni ya mafuta na gesi. Angeweza kukaa kimya na kula mali ya nyumbani. Lakini Texas ya utoto wake ilikuwa ya ubaguzi, mtoto mzungu akiambiwa asinywe maji kwenye bomba la Weusi juu eti ni chafu. Mwenyewe alieleza baadaye: siku unagundua watu wazima wanakudanganya juu ya rangi ya ngozi, unaanza kuuliza wanakudanganya juu ya nini tena. Swali hilo njo lilimtengeneza mwandishi.

Mwaka 1970 aliingia Texas Observer, gazeti dogo la Austin lenye pesa kidogo. Bunge la Texas linakutana mara moja kila miaka miwili, siku 140. Yeye alikaa mle ndani. Alisikiliza hotuba ndefu, alifuata pesa: nani anamlipia nani kampanye, na kiisha sheria inapita kwa faida ya nani. Wasomaji walicheka, ndiyo. Lakini wakimaliza kucheka walikuwa wanajua mdepite gani amewauza. Chini ya kicheko kulikuwa kazi. Anayetupa kazi hiyo na kubakiza kicheko anamwiba marehemu.

Hata magazeti makubwa yalitaka kumfanyia hivyo. New York Times ilimchukua mwaka 1976 kwa ajili ya sauti yake, halafu wahariri wake wakaanza kuipiga randa sauti ile ile. Mwaka 1982 akarudi Texas, kwenye Dallas Times Herald. Huko aliandika kuhusu mdepite mmoja kwamba akili yake ikishuka tena kidogo, itabidi wamwagilie maji mara mbili kwa siku kama mti. Watu wakakasirika, wenye matangazo wakatishia kuondoka. Gazeti halikumfukuza. Lilibandika mabango makubwa mjini yanayouliza kama kweli Molly Ivins anaweza kusema vile. Swali hilo likawa jina la kitabu chake cha 1991.

Kuko watu watatuambia: kumcheka mkubwa ni kukosa heshima. Hata huku kwetu tunaisikia: «Mukubwa hawamuchekake!» Tunajibu: mkubwa gani? Molly aliweka mpaka wazi. Kejeli ni silaha ya wanyonge juu ya wenye nguvu. Ukimgeuzia nayo mnyonge, umekuwa mkatili tu. Bush, ambaye jina lake maana yake ni kichaka, alimwita Shrub, ni kusema kijichaka. Hakumcheka maskini wa Texas, mfungwa, wala mama anayetafuta dawa ya mtoto. Mwenye kukosa heshima ni yule anayekula pesa za mama huyo, si yule anayemcheka mwizi.

Tena wanasema: utani si jambo la maana, vita na siasa ni kwa watu wazito. Watu wazito ndio walioingiza Marekani katika Iraki mwezi wa Machi 2003 juu ya silaha ambazo hazikuonekana mpaka leo. Molly, yule wa kuchekesha, alionya mbele vita haijaanza: kushinda jeshi la Saddam haitakuwa tatizo, tatizo ni kesho yake, Wakurdi, Wasuni na Washia wakishikana wao kwa wao. Inchi ile ikaingia damu. Wazito wengi waliobaki magazetini na kwenye televisheni walibaki na viti vyao.

Hatusemi alikuwa malaika. Mwaka 1995 mwandishi mwenzake, Florence King, alimshitaki kwamba amechukua maneno yake bila kumtaja vizuri. Molly aliomba msamaha. Mwaka 2005 aliandika hesabu mbaya ya watu waliouawa Iraki, kiisha akasimama katika safu yake mwenyewe, mbele ya wasomaji wote, akasema wazi kwamba amekosea. Sasa mtuonyeshe mkubwa mmoja wa vita ile aliyesimama hivyo. Mtu anayeweza kujisahihisha njo mwenye haki ya kusahihisha prezida.

Safu yake ya mwisho aliitoa Januari 2007. Karibu magazeti 400 yalikuwa yanachapa maneno yake wakati ule. Hakuandika kwaheri, hakuomba huruma. Aliwakumbusha wasomaji kwamba wenye kuamua mambo ya inchi ni wananchi wenyewe, akawaomba watoke barabarani, wapige sufuria na makopo mpaka vita isimame. Sisi katika Congo mlio ule tunaujua, hatuhitaji kufundishwa. Mtu anayekufa aliomba kelele, na wakubwa wakampa sifa.

Katika wasia wake aliacha mali kwa Texas Observer na kwa ACLU, shirika la kutetea haki za raia. Mpaka mwisho alijua pesa inapashwa kwenda wapi.

Kwa hiyo tunasema hivi kwa kila mkubwa, wa kule na wa huku, anayependa kusifu waandishi wakiisha kufa: utani wake umeukumbuka, vizuri. Sasa jibu ile alikuuliza. Na kwetu vijana tunaopenda kuandika maneno makali: kabla ya kumcheka mdepite, tusome kwanza sheria aliyopigia kura. Kicheko bila kazi hiyo, mkubwa hakiogopi. Atacheka pamoja na sisi, kiisha atarudi kula.