Usukani Mzito na Mafunzo ya Kutafuta Chanzo

Mwalimu mwanafunzi aendaye mazoezini katika kata ya Kalangalala, hapa Geita, hapungukiwi zana za kufundishia. Huzipita njiani kila asubuhi. Magari yarudiyo kutoka machimboni kwa njia za changarawe huingizwa gereji yakiwa na usukani uliochoka, nao watoto husimama wakitazama. Hata hivyo, mada ya nguvu na mashine aghalabu hufundishwa kwa wenzo uliochorwa ubaoni, kisha ukafutwa. Sisi hatuukubali mtindo huo.

Tuchukue tatizo moja tu. Reki ya stelingi imevuja. Mwenye gari ananunua nyingine nayo inafungwa. Injini inapowashwa, usukani unakuwa mzito kuliko awali, tena unanguruma kila ukikatwa kona. Fundi mwenye haraka hutamka papo hapo kwamba pampu imekufa. Pampu inanunuliwa, inafungwa, na mngurumo unabaki pale pale. Mikono ya fundi huyo haina kasoro. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuuliza, na utaratibu huo hufundishwa, au haufundishwi, katika shule ya msingi.

Swali la kwanza ni hili: nini kimeguswa? Ikiwa pampu ilifanya kazi vizuri jana, na leo ni reki na mipira yake tu iliyofunguliwa, yafaa tuanzie hapo. Mfumo ulipofunguliwa oili ilimwagika na hewa ikaingia. Povu katika chombo cha oili ni ushahidi wake. Tiba yake si ghali. Chombo hujazwa oili ya aina iliyotajwa kwenye kifuniko au katika kitabu cha gari. Magurudumu ya mbele huinuliwa na gari kuegemezwa juu ya stendi imara. Injini ikiwa imezimwa, usukani huzungushwa polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara nyingi, huku oili ikiongezwa. Kisha kazi hiyo hurudiwa injini ikiwa inafanya kazi, bila kuushikilia usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa kanieneo hupanda mno na pampu huumia. Uzito ukibaki, ndipo hutazamwa maungio yanayovuja, mkanda wa pampu uliolegea, na upepo wa matairi, ambao wengi huusahau. Ama usukani ukikaa upande ilhali gari linakwenda moja kwa moja, hilo si shauri la oili kabisa. Reki haikuwekwa katikati, au tairodi hazikulinganishwa na alaimenti haijapimwa.

Tukiri pia kwamba pengine fundi yule yuko sahihi. Reki ya zamani ikiwa imesagika, na mfumo haukusafishwa, chembe za chuma huzunguka na oili na kuiharibu pampu. Lakini hilo lapaswa kuthibitishwa kabla mteja hajafungua mfuko. (Magari mengi ya siku hizi husaidiwa na mota ya umeme, hayana oili hiyo, huko huchunguzwa fyuzi, nyaya na vihisio. Swali la kwanza halibadiliki.)

Je, mtoto wa darasa la tano ana haja gani na haya? Anahitaji mabomba mawili mapya ya sindano, dogo na kubwa, yasiyo na sindano zake, yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba na kujazwa maji. Akisukuma dogo, kubwa huinua kitabu mara moja. Kanuni hiyo ya kanieneo katika kimiminika ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Hewa kidogo ikiingia, dole gumba husikia ulegevu: hewa hubanwa kwanza, kitabu huchelewa. Somo la siku ya pili ndilo tunalolithamini zaidi. Mwalimu huandaa kasoro kwa siri, hewa katika seti moja, tundu dogo katika nyingine, mpira uliokunjwa katika ya tatu. Kila kundi litaje linachoshuku, liseme litaona nini iwapo limepatia, kisha libadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Wapo wenzetu wasemao kwamba vipindi havitoshi na mtihani unasubiri. Ni kweli kazi hii hula vipindi viwili. Lakini baadhi ya watoto hawa watakuwa spana boi miaka michache ijayo, na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambayo shule nyingi ziliitafsiri kuwa jembe na bustani, ilidai pia akili yenye kudadisi. Ziara ya gereji ifanyike, ila watoto wasimame mbali. Asiwepo hata mmoja anayeinama chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki.

Katika kusahihisha, tunapendekeza alama 10 zigawanywe hivi: 3 kwa kutaja chanzo, 7 kwa hatua zilizoandikwa daftarini. Kundi lililoshuku tundu, likalitafuta sawasawa, likathibitisha kwamba halipo, lipewe alama zake za hatua hata kama kengele imelia kabla halijafikia hewa.