Mwalimu wa Uraia Aandaliwe Vipi?



Baada ya Tanzania kurejea katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, Elimu ya Siasa iliondolewa shuleni na somo la Uraia likachukua nafasi yake. Kubadili jina la somo ni rahisi kuliko kubadili ufundishaji wake. Mwalimu hufundisha kama alivyofundishwa: aliyenakili ubaoni miaka yote ya chuo, naye atawanakilisha watoto.

Hapo ndipo penye hatari. Mtoto aweza kuandika bila kosa kwamba mkutano mkuu wa kijiji ndicho chombo cha juu kijijini, na kwamba kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Lakini akikua, hathubutu kusimama na kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi. Yeye amefaulu mtihani, kijiji kimepata hasara.

Twashauri vyuo vya ualimu vimpeleke mwanachuo mkutanoni kabla ya kumpeleka darasani kwa mazoezi ya kufundisha. Asikilize mapato na matumizi yakisomwa, aone nani husema na nani hunyamazishwa, kisha ayajadili hayo na wakufunzi wake. Asiyezoea kuuliza hawezi kuwafundisha wengine kuuliza.

Nasi wazazi na viongozi tusijitoe katika wajibu huu. Mwanachuo akifika kijijini kwetu, tumkaribishe mkutanoni. Na mtoto akirudi nyumbani na swali gumu, tusimkemee; tumjibu.