Utulivu wa Jared Goff una wenyewe

Ukikaa na mashabiki wa Detroit Lions hapa Michigan ninakoishi, watakwambia Jared Goff ana roho ngumu, ndiyo maana habaiki chini ya presha. Goff nampenda, lakini sifa hiyo naipinga. Inawadhulumu watu wengi, tena inatufundisha vibaya namna ya kumhukumu mtu aliyebanwa kazini.

Kwa asiyeufuata mpira wa Marekani: kwotabeki ndiye anayepokea mpira shambulizi linapoanza, kisha anaamua amrushie nani, ampe mkimbiaji, au autupe nje salama. Mara nyingi hapati hata sekunde tatu. Walinzi watano wanasimama mbele yake kumkinga, huku wapinzani wenye uzito wa zaidi ya kilo 100 wakija kumwangusha.

Goff aliifikisha Los Angeles Rams fainali ya Super Bowl ya Februari 2019. New England Patriots wakambana mechi nzima. Rams wakaambulia pointi 3 kwa 13. Robo ya mwisho, akiwa amekabwa, aliurusha mpira juu juu na Stephon Gilmore akaudaka. Tangu hapo akaonekana mtu wa kupotea akibanwa. Mwaka 2021 Rams wakampeleka Detroit ili wamchukue Matthew Stafford.

Msimu huo wa kwanza Lions walishinda mechi 3 tu kati ya 17, wakafunga pointi 325. Msimu wa 2022 wakafikisha 453. Wa 2024 wakafunga 564, na hakuna timu ya ligi iliyowafikia. Kwotabeki ni yule yule. Basi nini kilibadilika?

Kwanza, ukuta. Taylor Decker na Frank Ragnow walikuwapo, akaongezwa Penei Sewell, chaguo la kwanza la Lions katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2021. Pili, kocha Ben Johnson alikabidhiwa mashambulizi mwaka 2022. Goff akawa anajifanya kumpa mkimbiaji mpira, mabeki wanasogea, nafasi inafunguka nyuma yao. Tatu, Amon-Ra St. Brown, aliyechukuliwa raundi ya nne tu ya uteuzi huo, ambaye ukimtarajia mahali utamkuta. Kati ya 2022 na 2023 Goff alirusha pasi 383 mfululizo bila hata moja kunaswa.

Tarehe 14 Januari 2024 Rams walikuja Detroit kwa mechi ya mtoano, Stafford akiwaongoza. Dakika mbili za mwisho Lions walikuwa mbele 24 kwa 23, mpira wao, zikihitajika yadi 9 ili waendelee kuumiliki. Makocha wengi wangeamuru mpira ukimbizwe ili kula muda. Goff akaachiwa arushe. Akamtafuta St. Brown, yadi 11, mechi ikaisha. Lions walikuwa hawajashinda mechi ya mtoano tangu Januari 1992.

Najua nitaambiwa: mbona Novemba 2024 kule Houston alinaswa pasi 5? Ni kweli, na maamuzi yale yalikuwa yake. Lakini kipindi cha pili ulinzi wa Lions haukuruhusu Houston kupata hata pointi moja, na Jake Bates akapiga teke la ushindi muda ukiisha, 26 kwa 23. Timu ilimbeba siku aliyoteleza. Januari 2025 Washington Commanders walimfikia, wakampokonya mpira mikononi, wakamnasa pasi 3, na Lions wakafa 45 kwa 31. Sitaki kuamini kwamba roho yake ililegea usiku mmoja.

Uamuzi mzuri chini ya presha hutengenezwa mapema, na watu wengi, kabla ya yule mmoja kuonekana. Kwa hiyo kocha, meneja au mkuu wa shule anayemwita mtu wake mwoga aulizwe kwanza: ulimpa nafasi gani ya kufikiri, na nani ulimweka amkinge?

Swali hilo sasa ni la viongozi wa Lions. Johnson alishaondoka kwenda Chicago, na Ragnow alitangaza kustaafu mwaka 2025. Waujenge ukuta upya na wampe Goff mipango inayoeleweka. Wakishindwa, lawama ziwafuate wao ofisini, zisiishie kwa anayeangushwa uwanjani.