Sungura Wako Si Pipa la Jikoni

Wacha niseme bila kuzunguka: zile video za sungura akilishwa chapati, biskuti na chokoleti hazichekeshi. Ni mnyama anaumizwa, na sisi tunabonyeza moyo.

Mimi hutengeneza kontenti, kwa hivyo hesabu yake naijua. Sungura akitafuna nyasi, hakuna mtu atasimama kutazama. Akipewa kitu cha ajabu, watu wanajaa. Lakini laiki ni zako, tumbo ni lake.

Na hilo tumbo si kama lako. Wewe ukila kitu kibaya utatapika. Sungura hawezi kutapika kabisa. Wanga na sukari nyingi zinavuruga bakteria wanaomsaidia kusaga nyasi, gesi inajaa, utumbo unasimama. Akikaa nusu siku bila kula wala kunya, hiyo ni dharura. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, wacha kusema "ameboeka tu".

Kuna vitu havina hata "kidogo tu". Avokado ina sumu ya pasini, inaweza kuua moyo wake. Kitunguu na saumu huharibu seli nyekundu za damu. Chokoleti ina theobromini. Majani ya waru na ya nyanya pia yana sumu. Na karoti? Hiyo ni stori ya katuni. Ina sukari, mpe kipande kidogo siku moja moja.

Najua utaniambia, "Wa shosho hula kila kitu na yuko poa." Sawa. Kuna wasee huvuka Thika Road mbio chini ya daraja na wanafika. Hiyo haiifanyi kuwa njia. Halafu sungura huficha maumivu, juu porini anayeonekana mgonjwa ndiye huliwa kwanza. "Yuko poa" ni maneno yako, si yake.

Usiniletee pia ile ya "chakula chake ni ghali". Chakula chake ni nyasi kavu, ile boma rhodes ya agroveti, na maji safi. Meno yake hukua maisha yote, na ni nyasi huyapunguza. Kama hiyo inakushinda, usifuge.

Video ingine ikikupata, usicheke, usisambaze. Muulize mwenyewe kwa komenti: huyo sungura bado yuko hai?