Usiniulize Baruti Gani Ndiyo Noma

Wasee, wacha niseme hii kitu mara moja halafu mnitukane vizuri.

Ile vidio nilitafsiri mwezi uliopita, ya mzee wa Marekani anajaza baruti kwenye maganda ya risasi za kuwinda, nimeitoa. Ndiyo ilikuwa inanilipia bando. Nimeitoa kwa sababu mahali mzee alisema "greini", mimi niliandika "gramu".

Unaona ni kitu kidogo, si ndio? Greini 70 ni gramu nne na nusu tu. Anayepima gramu badala ya greini anaweka zaidi ya mara 15. Ndio, najua gramu 70 haziwezi kuingia kwenye lile ganda, msinifundishe. Lakini nikiandika sikujua hata hilo, na hapo ndipo shida iko. (Programu ya kutafsiri, kwa taarifa yako, ilikuwa imeniandikia "nafaka 70". Nikaicheka.)

Aliyenishika ni Mkenya anaishi Texas, anawinda nguruwe mwitu huko kihalali na anajimiminia risasi zake mwenyewe. Aliniandikia mstari mmoja: "Kijana wangu, toa hiyo kitu kabla mtu hajapoteza macho." Nilikasirika siku nzima. Baadaye nikaanza kusoma.

Sasa kila siku naulizwa: baruti gani ndiyo noma kwa risasi nzito ya kumimina? Na kuna watu wa kamera kama mimi wanajibu! Sekunde 40, muziki nyuma, jina la baruti, kipimo, kwaheri. Hawasemi bunduki gani, hawasemi risasi ina uzito gani. Hiyo si elimu, ni kamari na uso wa mtu mwingine.

Chukua .45-70, risasi ya jeshi la Marekani ya 1873. Jina lenyewe ni maelezo: upana wa karibu nukta 45 ya inchi, greini 70 za baruti nyeusi. Mbele ilibeba risasi ya greini 405, yaani gramu 26. Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa, na ganda lilijazwa nayo. Halafu 1884 Mfaransa Paul Vieille akaleta baruti isiyo na moshi, ya nitroselulosi. Hii ina nguvu nyingi zaidi kwa uzito uleule. Ukiijaza kwa macho kama ile ya zamani, bunduki inapasuka mkononi.

Na hata hizi mpya si moja. Kuna zinazoungua haraka na zinazoungua polepole. Risasi nzito ni kama matatu imejaa hadi mlangoni, haiondoki ghafla. Ukiisukuma na baruti ya haraka, gesi inazaliwa kabla risasi haijasogea vizuri, na shinikizo linapanda wima. Tena ya haraka huwekwa kidogo, kwa hivyo ndani ya ganda kubwa unaweza kuimwaga mara mbili na usione kitu. Ya polepole inajaza nafasi na kusukuma kwa muda mrefu, ndiyo maana wengi huipendea risasi nzito. Lakini ukiipunguza sana ati unajilinda, nayo inaungua vibaya: mara kali, mara dhaifu, punje mbichi zinabaki kwenye mtutu.

Halafu kuna madini yenyewe. Kiswahili kinaita vyote risasi, madini na kinachotoka bundukini, na kwa hizi za kumimina kiko sahihi kabisa. Risasi tupu ni laini, inayeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Wanaichanganya na bati na antimoni iwe ngumu. Ukiikimbiza kupita ugumu wake inajipaka ndani ya mtutu na shabaha inakufa.

Kilichonimaliza ni hiki. Vitabu vya wajazaji huipa .45-70 kurasa tatu tofauti: moja ya bunduki za zamani za Springfield, moja ya Marlin za kisasa, moja ya Ruger No. 1. Ganda ni lilelile. Kipimo halali cha Ruger kinaweza kuvunja Springfield ya babu ya mtu. Sasa niambie, hiyo ya sekunde 40 ilikuwa ukurasa gani?

Kuna mwenye ataniambia Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na ukijitengenezea risasi nyumbani bila leseni ni kesi, kwa hivyo hizi ni burudani tu. Manze, ndiyo maana sisi ni hatari zaidi! Hakuna mjomba wa kutukosoa, hakuna kitabu kabatini, na watazamaji wetu wako Texas na kwingine wenye bunduki na mizani mezani. Niliacha kemia chuoni mwaka wa pili, karo ilikataa, lakini hata kule fundi wa maabara hakuwahi kunipa kipimo kwa mdomo. Alikuwa anasukuma chupa mbele yangu na kusema, "Soma."

Kwa hivyo ukiniuliza baruti gani, nitakuuliza bunduki gani, risasi ya uzito gani, na kitabu cha mtengenezaji wa hiyo baruti umekifungua ukurasa gani. Ukikosa jibu moja, hutapata jina kutoka kwangu. Na wewe mwenye bado umeweka kipimo changu kwenye chaneli yako na nembo yako juu: nimekuandikia mara tatu. Toa.