Picha za Ndoa: JPEG ao RAW?

Vijana wengi wa miji yetu wamejipatia kamera, nao huitwa kupiga picha siku za ndoa na za komunyo ya kwanza. Kabla ya kazi kamera huwataka wachague: picha zitunzwe kwa namna ya JPEG ao ya RAW? Wengi hawalijali swali hilo. Sisi twaona si jambo dogo, kwa maana siku ya ndoa hairudiwi kwa ajili ya mpiga picha.

Faili ya RAW, yaani faili ghafi, si picha bado. Ni hesabu ya mwanga jinsi ulivyoingia katika kamera. JPEG ni picha iliyokwisha kutengenezwa. Kamera yenyewe imeamua rangi na mwangaza, kisha imeigawa picha katika viraba vidogo vya nukta 8 kwa 8, na kutupa tofauti ndogondogo ambazo jicho halizioni upesi. Namna hiyo iliwekwa mwaka 1992, nayo ni ya akili sana. Ndiyo ituletayo picha za ndugu walio mbali katika simu zetu. Lakini kilichotupwa hakirudi. Unga uliokwisha kuwa ugali hauwi unga tena.

Tutazame mfano. Ni saa sita mchana, mbele ya kanisa, bibi arusi amesimama juani katika nguo nyeupe. Fundi akipima mwanga kwa kufuata uso, nguo yageuka karatasi tupu, lesi na mikunjo yake isionekane. Akifuata nguo, uso wabaki kivuli. Sasa, JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila moja ya rangi tatu. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16.384. Basi mwenye RAW afuate nguo, kisha nyumbani, kwa kompyuta, auinue uso polepole kutoka gizani. Ukijaribu hivyo katika JPEG, mara nyingi ngozi yapata madoadoa na rangi ya majivu. Nyuso zetu zimeteswa namna hiyo katika albamu nyingi.

Walakini RAW si dawa ya yote. Weupe uliokwisha kuungua kabisa umeungua hata humo, na picha iliyotikisika yabaki imetikisika. Tena faili hizo ni nzito, mara nyingi mara tatu ya JPEG ao zaidi. Zajaza kadi, zataka saa nyingi za kompyuta, na umeme, nao twajua unavyokatika. Programu si lazima kuinunua: darktable yapatikana bure.

Anayepiga picha ndogo za kadi za wanafunzi, kivulini, asihangaike, JPEG yatosha. Kwa ndoa, shauri letu ni kuchagua zote mbili, kwa maana kamera nyingi zakubali: JPEG ya kuwagawia jamaa jioni ile ile, RAW ya kuweka. Kuitazama JPEG ao kuinakili hakuiharibu, bali kuirekebisha na kuihifadhi tena na tena huipunguza kila mara.

Nao wenye ndoa waulize mapema, kabla ya kulipa, faili ghafi zitatunzwa wapi na kwa muda gani. Wasiridhike na picha zilizopitia WhatsApp, kwani kwa kawaida hupunguzwa tena njiani.