Bafu la Wazee Halisafishwi kwa Hisani

Mwaka jana niliongozana na wanafunzi wangu hadi kwenye makazi ya wazee ambayo sitayataja. Tulibeba katoni za sabuni, tukapiga picha, kama ilivyo desturi yetu. Mzee mmoja, baada ya kuitikia shikamoo zetu, aliniita kando akasema, "Sabuni zipo, mwanangu. Mimi siogi kwa sababu ya ile sakafu."

Nikaingia bafuni. Saruji ilikuwa imeota utelezi wa kijani, maji yametuama juu ya tundu lililoziba, na taulo moja limetundikwa msumarini kwa matumizi ya wote. Upele na fangasi havihitaji njia nyingine. Tangu alipoanguka humo, mzee yule alikuwa akijifuta kwa kitambaa kitandani.

Nilipouliza nani husafisha, nilijibiwa: wazee wenye nguvu, kwa zamu. Yaani kazi ya kuzuia maradhi imekabidhiwa wale wale tunaodai kuwatunza! Daftari la wageni wanaoleta misaada lilikuwepo, nadhifu kabisa. La usafi halikuwepo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyachukulia makazi haya kuwa hatua ya mwisho, baada ya familia na jamii kushindwa. Basi aishiye humo hana bafu jingine la kukimbilia.

Wala utaratibu wenyewe si elimu ya siri. Sakafu husuguliwa kwanza kwa sabuni na kusuuzwa, ndipo hupakwa maji ya klorini na kuachwa kwa dakika 10 hivi. Klorini ikimwagwa juu ya uchafu hupoteza nguvu, ingawa harufu yake huturidhisha (hata vyooni mwa chuo ninachofundisha). Kinachokosekana ni mtumishi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na fungu la bajeti lisilongoja sikukuu wala wahisani. Ninyi mnaoandaa bajeti za halmashauri na wizara mnajua fungu hilo huandikwa wapi, na hukatwa lini.

Mwezi uliofuata tulirudi bila sabuni. Tulikwenda na fundi, akazibua tundu, akachimbia mshikio wa chuma ukutani. Wanafunzi wakasugua sakafu hadi adhuhuri. Mzee akaoga. Kabla ya kuondoka tulimwachia msimamizi daftari jipya la usafi. Nilipopita tena wiki tatu baadaye, safu ya jina la msafishaji ilikuwa bado tupu.